Jiko Lisilopika



Ndugu msomaji, katika sura ya pili ya barua yake, Mtakatifu Yakobo anatuletea mfano wa mtu anayekutana na ndugu asiye na nguo wala riziki ya siku. Mtu huyo anamtakia amani, anamwambia akajitafutie joto na shibe, kisha anakwenda zake bila kumpa kitu. Somo hili tunalisikia kanisani mara kwa mara, na mahubiri mengi niliyoyasikia tangu utotoni yalikaa kwenye shibe. Joto lilipitwa tu.

Wala si ajabu. Mimi ni mtoto wa Kigombe, kijiji cha pwani wilayani Muheza, kwenye barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Upande mmoja ni bahari na ngalawa, upande wa pili ni mkonge. Wazee wetu walitoka bara kuja kukata mkonge, wakabaki, wakajenga, wakazikwa hapo, na majirani zetu Waislamu wakawa ndugu. Joto kwetu halitafutwi. Hata mwezi wa saba, kusi ikivuma, anayeota moto ni mvuvi aliyetoka majini alfajiri, naye huwasha makumbi mawili matatu ya nazi, akajikausha, akaenda kuuza samaki wake. Ukiuliza shida za maskini wa Kigombe utatajiwa njaa, maradhi, ada ya shule na paa linalovuja. Baridi haimo katika orodha.

Septemba 2022 nilitumwa kusaidia kichungaji kwa mwaka mmoja katika Bonde la Non, Jimbo Kuu la Trento, kaskazini mwa Italia. Ni bonde la matofaa lililozungukwa na milima. Injili ililetwa pale na wageni: Watakatifu Sisinnio, Martirio na Alessandro, watu wa Kapadokia, waliouawa Sanzeno mwaka 397. Kwa hiyo mgeni kutoka mbali si jambo jipya kwao. Paroko alinipokea vizuri, akanionyesha chumba, kisha akanipeleka sebuleni na kunionyesha kitu alichosema ndicho kitakachoniweka hai hadi Pasaka. Kilikuwa sanduku la chuma lenye kioo mbele, refu kufika kiunoni. Akaniambia ni jiko.

Nililitazama nikitafuta mahali pa kuweka sufuria. Hapakuwapo. Sisi tunaposema jiko tunamaanisha chakula, na kijana akioa tunasema amepata jiko. Jiko lile halipiki hata chai. Kazi yake ni moja: kuipasha nyumba joto. Na mle ndani, kazi hiyo ndiyo inayotangulia nyingine zote kuanzia Novemba hadi Machi, maana mvuke wa pumzi huonekana hata chumbani, na maji ya bomba huganda yasipoangaliwa.

Linatumia peleti. Wafugaji wanalijua neno hili kutokana na chakula cha kuku na sungura, na kwa kweli zinafanana: punje ngumu za mviringo, unene wa milimita 6, urefu wa kama kiungo cha kidole. Hizi zinatokana na vumbi la mbao na maranda ya viwanda vya kupasulia magogo. Vumbi hukaushwa mpaka maji yaliyobaki ni chini ya asilimia 10, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kwenye matundu ya chuma. Likipata joto la msukumo huo, lignini, ambayo ni gundi ya asili ya mti wenyewe, hulainika na kushika punje pamoja. Kwa kawaida haihitaji gundi nyingine. Majiko haya yalianza Marekani miaka ya 1980, baada ya mafuta kupanda bei katika muongo uliotangulia, na leo Italia ni miongoni mwa nchi zinazoyatumia zaidi majumbani.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kulihudumia. Unafyonza majivu, ambayo ni machache ajabu, kiasi cha vijiko kadhaa. Unasafisha kikombe cha chuma chenye matundu ambamo moto hukaa. Unafungua tangi na kumimina mfuko wa kilo 15. Ukibonyeza kitufe, parafujo ndefu huanza kuzunguka na kuangusha punje kidogo kidogo kwenye kikombe, kiwashio cha umeme kinazichoma, feni inapuliza, na baada ya dakika kumi hivi mwali unasimama nyuma ya kioo. Moshi hupita kwenye bomba lake hadi nje, na hewa ya moto huingia sebuleni. Kilo moja ina nishati inayokaribia yuniti 5 za umeme, na katika baridi ya kawaida mfuko mmoja ulitutosha kutwa. Udhaifu wake ni kwamba umeme ukikatika nalo linazimika, hata tangi likiwa limejaa. Hapo mafiga matatu ya mama yangu yanalishinda.

Nililipenda jiko lile kwa sababu linakula kilichotupwa. Aliyekulia mkongeni anaelewa: katika jani zima la mkonge, uzi ni sehemu ndogo sana, na kilichobaki ni lundo la taka nyuma ya kiwanda. Pale Hale, mkoani kwetu, taka hizo ziliwahi kugeuzwa kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Bondeni nako, mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba waliyoiita Vaia iliangusha zaidi ya hekta 40,000 za misitu kaskazini mashariki mwa Italia, na mengi ya magogo hayo yaliyovunjika yakaishia kuwa mbao za hali ya chini, vipande vya kuchoma na vumbi. Kilichoangushwa na upepo kikawa moto wa majira mengine.

Lakini mwaka niliofika mimi, moto ulikuwa ghali. Urusi na Belarusi zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa peleti barani Ulaya, na baada ya vita ya Ukraini kuanza Februari 2022 mlango huo ulifungwa kwa vikwazo. Gesi ilipanda, watu wakakimbilia peleti, na mfuko uliokuwa ukiuzwa kama euro 5 ukavuka euro 10, mahali pengine zaidi. Serikali ilipunguza kodi ya peleti kutoka asilimia 22 hadi 10 kwa mwaka 2023, nafuu iliyokuja katikati ya baridi. Paroko wetu alihamisha Misa za katikati ya wiki kutoka kanisani kwenda ukumbi mdogo wa katekesi ili asilipashe joto kanisa zima kwa ajili ya watu kumi na wawili. Nyumbani tuliteremsha jiko hadi nyuzi 17 na kukaa na masweta mezani.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba nilipeleka Komunyo kwa wagonjwa na wazee. Mmoja wao alikuwa mzee mjane wa miaka zaidi ya themanini, aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya mawe juu ya kijiji. Alinifungulia mlango akiwa amevaa koti zito na kofia. Nilidhani anatoka. Kumbe ndivyo alivyokuwa akikaa ndani. Alikuwa amefunga vyumba vyote na kubaki jikoni, na kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 11. Jiko la peleti lilikuwa pale pembeni, kioo kimepoa. Kando yake palikuwa na mifuko miwili, haijafunguliwa. Tulisali, nikampa Komunyo, vidole vyake vikigusa meza kama vijiti. Kisha nikamuuliza kuhusu mifuko ile. Akasema anaiweka kwa ajili ya Noeli, wajukuu wakija.

Nilimwelewa palepale. Nani kati yetu hana bibi anayemfuga jogoo mmoja na kula mchicha mwaka mzima ili mgeni akija asiaibike? Lakini jogoo akisubiri, bibi haumii. Baridi haisubiri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linashauri nyumba isishuke chini ya nyuzi 18, kwa sababu baridi ya ndani hupandisha shinikizo la damu na kuzidisha maradhi ya moyo na ya kifua, hasa kwa wazee. Mtu halii njaa wala haonyeshi jeraha. Anapungua tu, akiwa amevaa koti mezani kwake.

Niliporudi nilimwambia paroko kwamba Jumapili tutangaze mchango. Alikataa. "Hapa," alisema, "mtu akitangazwa kanisani kwamba ana shida, Jumapili inayofuata haji tena." Alikaa kimya kidogo, halafu akanituma nikamwambie mzee hivi: chumba nyuma ya sakristia kina unyevu, na peleti zikipata unyevu huvimba na kurudi kuwa vumbi, je, anaweza kuitunzia parokia mifuko yake jikoni kwake, pakavu? Na kwa kuwa jiko lisilowashwa huleta unyevu vilevile, awe analiwasha kwa mifuko hiyohiyo.

Chumba kile kilikuwa na unyevu kweli. Mzee alinisikiliza, akanitazama kwa muda, na nina hakika alielewa yote. Akasema kama ni kuisaidia parokia, sawa.

Kwetu pwani kitendo kile kina jina lake: kusitiri. Mtu uchi humpi tu nguo, unamsitiri, yaani unampa ili mwenye macho asione alivyokuwa kabla. Paroko yule hakujua neno la Kiswahili hata moja, lakini alimsitiri mzee wake barabara. Kuanzia wiki ile nilipandisha mifuko minne kila Jumatatu, kwa bega, kwenye njia iliyoganda barafu, na vijana wawili wa kwaya wakanisaidia bila kuuliza maswali. Mifuko ilikuwa ikiachwa mlangoni mwa sakristia usiku. Nani aliileta sikuambiwa, na paroko alisema hana haja ya kujua. Ijumaa ya kwanza ya Januari nilimkuta mzee amevua koti. Safari hii hakujibu sala kwa midomo iliyokaza. Alinisimulia habari za marehemu mke wake kwa saa nzima, na niliondoka nimechelewa kwa mgonjwa wa pili.

Ndugu zangu mafratera, na ninyi waamini wa parokia zetu, naandika haya kwa sababu mkoa wetu wenyewe una baridi. Kutoka Kigombe hadi Lushoto ni mwendo wa saa chache tu kwa gari, lakini Juni hadi Agosti huko Usambara ukungu hukaa mpaka adhuhuri, na usiku nyuzi hushuka hadi karibu 10. Wengine wenu mtatumwa Njombe au Makete, ambako kuna asubuhi majani huamka na barafu. Huko mtawakuta wazee wa nyuzi 11 pia, kwenye nyumba zisizo na kioo dirishani, na hawatawaambia.

Mtakuta pia hatari ambayo jiko la peleti limefungiwa bomba ili kuiepuka. Watu wetu wakizidiwa na baridi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala haamki kukohoa kama angefanya kwa moshi. Anaendelea kulala. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa hivyo, na mara nyingi jirani husema jioni walikuwa wazima wakicheka. Mkaa uliokolea na usiotoa moshi si mkaa salama. Basi jiko la mkaa libaki nje, au lisikae kamwe ndani ya chumba cha kulala, na mafundisho haya yatolewe kwenye jumuiya ndogo ndogo kabla ya mwezi wa sita, si kwenye mazishi.

Hatuna peleti, na kwa sasa hatuzihitaji. Tunahitaji kuingia nyumba hadi nyumba, tukatazama kilicho kitandani. Blanketi la pili, sweta, soksi za usiku, mbao mbili za kuziba dirisha la bibi, chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kitambaa: hivi vinanunulika kwa sadaka ya jumuiya moja. Na anayepeleka atafute namna ya kupeleka, ili mwenye kupokea abaki na uso wake.

Mtakatifu Yakobo aliweka joto na chakula katika sentensi moja, na wote wawili, mwenye njaa na mwenye baridi, walisimama mlangoni pamoja. Bwana atujalie kuwaona wote wawili, na atupe mabega ya kubebea.