Sato wa Delta ya Naili

Msafiri atokaye Cairo kuelekea kaskazini hupita katikati ya mashamba ya mpunga, mahindi na mitende kwa muda wa saa kadhaa. Akikaribia Bahari ya Mediterania, katika mkoa wa Kafr el-Sheikh, kijani huanza kufifia. Ardhi ya huko iko chini, imejaa chumvi, na zamani ilihesabiwa kuwa haina faida. Sasa panapotazamiwa mashamba huonekana maji: bwawa baada ya bwawa, yaliyotengwa kwa kingo za udongo ambazo juu yake hupita punda, pikipiki na malori, hadi kufikia Ziwa Burullus.

Humo hufugwa sato, samaki yule yule ajulikanaye sana na wakazi wa Ziwa Victoria, ambako Naili Nyeupe huanzia safari yake. Wamisri humwita bulti, wala si mgeni kwao. Picha ya bustani iliyochorwa katika kaburi la karani Nebamun, yapata mwaka 1350 K.K., inaonyesha bwawa lenye sato na mabata wakiogelea pamoja.

La ajabu zaidi ni maji yenyewe. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1983 iliwakataza wafugaji kutumia maji safi ya mto. Wakaachiwa maji yatokayo mashambani baada ya mazao kunyweshwa, pamoja na ardhi isiyolimika. Misri haina mvua ya kutegemewa, basi nafaka ilitangulizwa. Mtu angedhani masharti hayo yangeiua kazi kabla haijasimama. Lakini mavuno ya mabwawa, ambayo katika miaka ya 1980 yalihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya tani, siku hizi hufikia tani 1,500,000 kwa mwaka, na hakuna nchi nyingine ya Afrika inayoikaribia Misri. Sehemu kubwa ni jasho la watu binafsi na jamaa zao. Jeshi nalo limeingia: mwaka 2017 lilifunguliwa shamba kubwa la Ghalioun, mkoani humo humo, chini ya kampuni ya jeshi.

Kazi hufuata majira. Sato ni mtoto wa nchi za joto. Maji yakipoa chini ya nyuzi 12 hivi hudhoofu na kufa. Kwa hiyo vifaranga hutiwa bwawani majira ya kuchipua, na wengi huvunwa kabla ya baridi kali. Hupendelewa madume, kwa kuwa majike hutumia nguvu zao katika kuzaa na kulea, na bwawa likajaa vidagaa visivyouzika. Mara nyingi mkizi huchanganywa nao. Huyo ana bei nzuri zaidi, ila vifaranga vyake hukusanywa baharini.

Kinachomkosesha mfugaji usingizi ni chakula cha samaki, ambacho hula zaidi ya nusu ya gharama zake. Soya na mahindi ya kukitengenezea hutoka ng'ambo kwa wingi, na tangu pauni ya Misri ilipoanza kuporomoka mwaka 2022, bei ya mfuko imepanda kuliko bei ya samaki. Tena kuna maji yale ya mfereji, yabebayo mabaki ya mbolea na dawa za mashambani. Katika miaka ya 2010 wengi waliona samaki wao wakielea wamekufa katika joto la kiangazi; wataalamu walishuku virusi, pengine pamoja na uchafu wa maji. Aliyekopa chakula akitumainia mavuno hubaki na deni na bwawa tupu.

Duniani kote kazi hii imekua. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, wanyama wa majini waliofugwa waliwazidi waliovuliwa: tani milioni 94, na sehemu kubwa mno ni ya Asia. Huko Jinja, Uganda, wafugaji hutumia vizimba vya nyavu vinavyoelea ziwani, wala hawahitaji kuchimba.

Delta ni mabwawa hasa. Maji hupunguzwa, wanaume huingia matopeni na kukokota wavu, samaki hutiwa masandukuni pamoja na barafu, na lori huondoka. Sokoni wanawake huwapanga katika masinia. Mnunuzi huweza kuomba wake achomwe papo hapo, amepakwa pumba za ngano zinazoungua na kuwa gamba jeusi. Gamba likibanduliwa, nyama ya ndani ni nyeupe na ina maji yake.