Habari Isiyo na Video

Tukizungumzia mitandao ya kijamii na ubora wa habari, mjadala huanzia na kuishia kwenye uongo: nani kazusha, nani kasambaza, nani akamatwe. Mimi ni mwandishi wa habari, kituo changu ni Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, na nimefika mahali naamini uongo ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Uongo unaweza kukanushwa. Habari ambayo haikuandikwa kabisa nani ataikanusha?

Nichukue mfano ambao kila mtu wa huku visiwani anaujua.

Alhamisi, Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 100, tani 25 za mizigo na magari matatu. Waliookolewa wakiwa hai ni 41. Waliokufa, kwa hesabu ya mwisho ya serikali, ni 228. Jumlisha mwenyewe.

Usiku ule idadi rasmi ilikuwa 44. Kesho yake ikavuka 100. Jumapili, wakati wa mazishi ya pamoja pale Ukara, ilikuwa 224. Hakuna ajabu hapo. Uopoaji ndivyo ulivyo: namba hupanda kadiri miili inavyotolewa majini, na usiku kazi ilisimama kwa sababu ya giza. Ila simu haikusubiri kukuche. Kwenye magrupu ya WhatsApp niliyokuwamo kila mtu alikuwa na namba yake, na kila namba ilikuja na "nimeambiwa na mtu aliyeko pale pale". Picha za marehemu zikatangulia kufika kuliko taarifa kwa ndugu. Mama mmoja wa mtaani kwetu alimtambua shemeji yake kwa shati, kwenye simu ya mteja aliyekuja kununua vitumbua. Hakuna aliyemdanganya, maana picha ile ilikuwa ya kweli kabisa.

Jumamosi ukaja ujumbe kwamba fundi wa kivuko kapatikana hai ndani ya chombo kilichopinduka, siku mbili baada ya ajali. Watu niliokuwa nao wakaguna. "Hizo ni kiki tu," mmoja akasema. Ilikuwa kweli. Alikuwa amejibanza sehemu yenye hewa, wazamiaji wakamtoa. Yaani tulikuwa tumeshalishwa mengi kiasi kwamba habari njema pekee ya wiki ile ilipita mbele yetu ikiwa imevaa sura ya uzushi.

Lakini ngoja. Kuna habari nyingine kuhusu kivuko kile ambayo haikusambaa, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Mbunge wa Ukerewe wa wakati ule alikuwa ameshalisemea suala la MV Nyerere bungeni kabla ya ajali. Kipande cha video yake nilikiona kikizunguka kwenye simu za watu baada ya watu kufa. Siku aliyosimama kuzungumza, hakuna aliyekishea. Injini mbovu haichekeshi na wala hailizi mtu. Ni chuma tu kilichochoka.

Habari nyingine ya namna hiyo: idadi kamili ya abiria haikujulikana, kwa sababu mkata tiketi naye alifariki na mashine yenye kumbukumbu ikapotea. Soma tena taratibu. Hesabu ya watu waliomo chomboni ilisafiri ndani ya chombo hichohicho. Ule mchezo wa namba kwenye WhatsApp ulianzia hapo, muda mrefu kabla mtu hajashika simu. Kama kungekuwa na karatasi moja imebaki pale Bugolora, uzushi ungepungukiwa nguvu. Mwandishi yeyote angeweza kuuliza miezi sita kabla: bwana, nakala ya orodha ya abiria inabaki wapi? Jibu lake lingekuwa habari.

Najua kuna msomaji anasema zamani mambo yalikuwa na adabu. Sina hakika. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Nilikuwa mtoto mdogo, nimelelewa na simulizi zake. Wazee wanasema walikaa kando ya redio wakisubiri saa ya taarifa ya habari, na kilichosomwa kilikuwa kimepimwa. Sawa. Lakini miaka 22 baadaye tukazika tena kwa kosa lilelile la kujaza watu kuliko uwezo wa chombo. Redio yenye adabu nayo haikuwa ikikaa gatini kuhesabu vichwa. Kwa hiyo nisiisingizie simu kila kitu. Hata habari za Ukara zenyewe, walioanza kuzitoa ni watu wa Ukara kwa simu zao, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunatafuta usafiri.

Kilichobadilika ni bei. Mwakilishi wa habari wilayani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, na pesa yenyewe ni ya kubangaiza. Kutoka Nansio kwenda Ukara unalipa nauli hadi Bugolora, unavuka, pengine unalala. Hapo hujanunua bando. Mwaka fulani nilitumia karibu wiki mbili kuhesabu majaketi okozi kwenye mitumbwi ya injini inayobeba abiria. Nikampelekea mhariri wa chombo kimoja cha mtandaoni, nisikitaje. Akauliza, "Ina video?" Nikamwambia ninazo picha na hesabu. Akauliza tena, "Kuna mtu analia?" Haikutoka. Wiki ileile walirusha video ya wavuvi wawili wakitwangana mwaloni kwa sababu ya nyavu, ikatazamwa na maelfu. Simlaumu sana mhariri, naye ana bosi anayetazama idadi ya watazamaji kila asubuhi.

Serikali nayo ilikuja na dawa yake. Mwaka huohuo wa 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na ada zake zikafika kama shilingi milioni 2.1 kwa anayeanza. Mwezi uleule wa ajali, Bunge lilipitisha mabadiliko ya Sheria ya Takwimu yaliyomtisha yeyote mwenye namba tofauti na za serikali, hadi yakalegezwa mwaka 2019. Sasa fikiria ni nani aliyeogopa. Aliyeogopa ni mwenye jina, anwani na ofisi, yule ambaye angethibitisha kwanza. Mtu wa kwenye grupu anayeandika "nimeambiwa wamefika mia tano" hakulipa ada yoyote, na usingizi wake haukukatika.

Wapenzi wa fasihi wanamjua mzee wetu Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilipochapishwa kwa Kiswahili ilikuwa 1980, naye akafariki 1981. Sitaki mwandishi wa habari asubiri miaka 35. Ninachokitaka kwa Kitereza ni macho yake: aliona kulima, kuvua, kuposa na kutibu ni mambo yanayostahili kuandikwa moja baada ya jingine, siku ambayo hakuna kilichoharibika. Kivuko kinapofanya kazi yake salama, kina mambo mengi ya kuandikwa. Kikishapinduka, yanabaki machozi na namba.

Siku hizi njia ya Bugolora kwenda Ukara ina kivuko kipya, MV Ukara II. Mimi nimejiwekea utaratibu mdogo. Nikipita gati lolote nauliza mambo matatu: mmepakia wangapi, nani amehesabu, na karatasi imebaki kwa nani. Majibu nayaandika kwa maneno matupu kwenye status yangu ya WhatsApp, bila picha. Wanaosoma hawazidi sitini. Wengine wameshaninyamazisha, najua.

Juzi mmoja wao, fundi wa injini za boti, akanijibu: "Kaka, mbona huulizi mara ya mwisho injini ilifunguliwa lini?"

Kweli, sikuwahi kuuliza. Sasa maswali yamekuwa manne.