Nilivyoacha Kuyaonea Haya Maneno ya Mkopo

Zamani nikiambiwa Kiswahili kimejaa maneno ya watu, nilikuwa nikitafuta haraka neno la Kibantu la kujikingia. Siku hizi sijikingi. Kilichonigeuza ni neno ambalo nilikuwa nalishika mkononi kutwa nzima: kitabu.

Nilikuwa muuzaji katika duka la vitabu na vifaa vya ofisini huko Doha. Tulikuwa na Mmisri, Mpakistani, Mturuki, Mwindonesia na mimi, na lugha zetu tano ni za familia tano tofauti. Neno hilo tulikuwa nalo sote. Mmisri, ambaye neno limetoka katika Kiarabu chake, akitaka wingi hulivunja katikati: kitab, kutub, maana kwake uhai wa neno umo katika konsonanti k, t na b. Mpakistani amelipa jinsia ya kike, husema meri kitab. Lugha ya Mturuki haina jinsia. Yeye hubandika viambishi mwishoni, na p ya kitap hulainika ikawa b katika kitabım, kitabu changu. Kwa Mwindonesia, kitab ni cha dini, na Wakristo wa kwao huiita Biblia Alkitab. Cha kawaida ni buku, neno la Kiholanzi.

Nilipowaambia kwetu ni kitabu, vitabu, Mmisri akacheka: “K yangu mmeipeleka wapi?”

Swali zuri kuliko alivyodhani. Wazee wetu waliisikia ki ile wakaiona ndugu ya kiti na kisu, wakaing'oa kwenye shina. Ndiyo maana kidogo ni kijitabu na kikubwa ni jitabu. Shina lililobaki ni -tabu. Ki nayo ikapewa kazi ya kutawala sentensi nzima: kitabu changu kizuri kimepotea. Hakuna baraza lililokaa kuamua hivyo. Madereva wa Dar es Salaam nao hawakusubiri baraza: keep left ya Kiingereza wameifanya kipilefti kimoja, vipilefti viwili.

Kwa hiyo mtu akikwambia neno fulani si letu, usibishane naye juu ya asili yake. Mwambie aliweke katika wingi, kisha alipatanishe na kitenzi. Likikubali, liandike bila alama za kunukuu.