Hamira ya Kuazima

Wakulima wa mabonde ya magharibi mwa Norwei, huko Voss, Hardanger na kwingineko, walikuwa na neno lao la kuitia hamira ya pombe: kveik. Neno hilo lina udugu na neno la kale la watu wa kaskazini lenye maana ya kilicho hai. Wahenga wao hawakuwa na darubini. Walijua tu kwamba kitu kile huzaa, hulala, na kikipuuzwa hufa.

Mgema wa pwani yetu hana taabu hiyo, kwani tembo la mnazi huanza kuchacha lingali katika kibuyu juu ya mti. Maji ya kimea cha shayiri hayana bahati hiyo. Apikaye bila hamira anayoijua hana hakika ya atakachokunywa.

Basi pombe ilipokuwa ikichacha, mkulima alitumbukiza humo gogo lililotobolewa matundu, au pete iliyoungwa kwa vipande vya miti, na hamira ikanata katika mianya yake. Kisha aliitundika ikauke, ingoje harusi, maziko au Krismasi. Siku ilipofika, alishusha pete ile akaitia katika pombe mpya ingali na joto la nyuzi 30 hadi 40, joto ambalo kwa hamira nyingi za bia huharibu ladha. Wengine walipiga na ukelele juu ya pipa ili pombe iwe kali. Aliyewahi kusikia chombo kikiimbiwa wakati wa kushuliwa majini hatawacheka.

Hamira ikiharibika, mtu alikwenda kwa jirani. Mwenye kugawa hakupungukiwa na kitu: yake ilibaki, na kama mwakani ingemfia, mbegu yake ilikuwa nyumba ya pili.

Katika karne ya 20 hamira ya dukani ilienea, na pete nyingi zikabaki zimetundikwa bila kushushwa tena. Hakuna aliyezipiga marufuku. Ziliachwa tu, kama lahaja inavyoachwa na watoto waliohamia mjini. Zilizosalia zilisalia kwa ukaidi wa watu wachache waliokataa kuacha kupika.

Katika miaka ya 2010 Lars Marius Garshol, Mnorwei, alizunguka akizitafuta na kuziandikia. Mwaka 2018 utafiti uliochapishwa katika jarida la Frontiers in Microbiology ulionyesha kuwa hamira hizo ni ukoo wa peke yake, uliofugwa na wanadamu. Leo kveik huuzwa kwa pakiti katika nchi nyingi. Ila pakiti aghalabu hubeba aina moja iliyochaguliwa, ilhali pete ya mkulima ilibeba aina kadhaa zilizozoeana kwa vizazi. Aliyenunua pakiti amempata mghani. Sauti ni nzuri, lakini waitikiaji wamebaki ng'ambo. Wapo kule mabondeni wanaoihifadhi ikiwa nzima hadi leo: huivuna, huikausha juu ya karatasi, huiweka katika friza, na jirani akibisha hodi humpimia kijiko.