Kundi na Mnyama Mmoja

Utumishi wa mwandishi wa tawasifu hii katika chuo kikuu ulisimama juu ya taaluma mbili ambazo kwa muda mrefu zilifundishwa mbalimbali, nazo ni ikolojia, yaani elimu ya mahusiano ya viumbe na mazingira yao, na ustawi wa wanyama, ambao Donald Broom wa Cambridge aliufasili mwaka 1986 kuwa ni hali ya mnyama katika kujitahidi kuyamudu mazingira yake. Ya kwanza huhesabu kundi, ya pili humtazama mnyama mmoja mmoja.

Mhadhiri huyo, aliyefundisha Morogoro, kila mwaka aliwapeleka wanafunzi katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu iendayo Iringa huikata kwa takribani kilometa 50, ambako swala, nyani na hata nyati hugongwa na magari. Wanafunzi waliandika spishi, jinsia na umri wa kila mzoga, kisha wakajadili iwapo vifo hivyo vingeweza kulipunguza kundi. Fomu zao hazikuwa na nafasi ya mnyama aliyegongwa asife papo hapo, akajikokota hadi nyasini na kufia huko. Upungufu huo ulikuwa wa mhadhiri, kwa kuwa fomu aliitunga mwenyewe, na umemuuma kuliko makala yoyote yake iliyokataliwa na majarida.

Fomu ilipotungwa upya, iliongezwa safu ya umbali kati ya alama za damu barabarani na mahali mzoga ulipolala. Darasani nako, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 ikasomwa sambamba na hesabu za makundi, na wanafunzi wakafundishwa kutoitegemea peke yake kotisoli, homoni inayopanda mwilini wakati wa msongo, kwa sababu hupanda pia mnyama anapochangamka. Ilimlazimu mwanafunzi atazame pia namna mnyama anavyohema, anavyosimama na anavyoinuka. Kwa macho hayo walianza kuyachunguza malori ya ng'ombe yaelekeayo mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, na swali lao la kwanza halikuwa tena ng'ombe wangapi wamepakiwa, bali ni yupi ameanguka, na amekanyagwa tangu wapi.