Sauti ya Kete

Vuta kigoda, ndugu yangu, chai ingali ya moto. Wewe huchezi bao? Basi nikusimulie.

Tarime ya ujana wangu, kabla Rorya haijakatwa kuwa wilaya yake mwaka 2007, ilikuwa na michezo yake. Jirani zetu Wajaluo walikuwa na ajua, safu mbili. Bao la pwani, la safu nne, mashimo 32 na kete 64, mimi nililetewa na mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alishuka kwenye basi na ubao wa mvule ulioiva kwa mafuta ya viganja, na mfuko wa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Sisi hatukuwahi kuziona.

Jioni baridi ya milimani ikianza kushuka, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikitambaa toka sokoni, tulimzunguka chini ya mwembe. Kuhesabu kwa kidole ilikuwa aibu. Alinifundisha kusikiliza: kete ikiangukia shimo tupu hugonga mti, ta! Ikiwakuta wenzake, hunong'ona tu. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "nyumba usiisafirishe kwa hasira." Nyumba ni lile shimo kuu la mbele; kuisafirisha ni kuzitawanya kete zake zote.

Nilisahau onyo lake kule Mugumu, siku ya Sabasaba. Nilikwenda na lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia, vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimeshawafunga wote wa Tarime. Mpinzani wangu alikuwa mzee mfugaji, fimbo mapajani, kopo la ugoro mkononi. Tulinamua kimya, tukiingiza kete za mkononi moja moja. Nyumba yangu ilinenepa ikafika kete 13, nami nikaiona dunia yote imo mle. Nikaisafirisha kuelekea kulia, ikapita nyuma, ikarudi mbele, kete ya mwisho ikaangukia kimbi ya kushoto, shimo la pili kutoka pembeni. Ta! Shimo tupu. Nimelala, zamu yangu imekwisha.

Mzee akavuta ugoro, akapiga chafya, akaanza kula. Alikula mpaka safu yangu ya mbele ikabaki nyeupe. "Bao hamna, kijana wangu." Halafu akanishika mkono, akanipeleka kula kichuri, kile kitoweo chetu kichungu. Uchungu ule wa nyongo ningali nao ulimini, na ni mtamu. Nilirudi kwake kila Sabasaba mpaka mwaka nilioambiwa, "Tumeshamzika."

Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao, akilicheza na wazee wenzake kwao Butiama, na sisi wa Mara tulitembea vifua mbele kwa hilo. Alipofariki, tarehe 14 Oktoba 1999, mtu aliugeuza ubao wetu kifudifudi bila kuambiwa. Hatukucheza wiki nzima.

Kisha vijana wakaelekea Nyamongo kwenye dhahabu, wengine Sirari kwenye biashara. Siwalaumu, tumbo halishibi kete. Mwembe ulikatwa, pana meza ya puli pale sasa, na muziki wake hauruhusu kusikia kitu kinachonong'ona.

Yule bwana wa Tanga alipohamishwa tena aliniachia ubao na mfuko. Komwe zimebaki 61. Tatu zilizopotea nimezijazia vijiwe vya mtoni. Mjukuu wangu akicheza nami usiku, taa imefifia, kila kijiwe kinapoanguka nakitambua.