Motokaa Iliyolala Kisiwani St Helena

Katikati ya Bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilometa 1,900 magharibi ya pwani ya Angola, kuna kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho St Helena. Eneo lake ni kilometa za mraba 122 tu. Mji wake, Jamestown, umebanwa katika bonde jembamba, na ngazi yenye vipandio 699 yapanda kutoka mjini mpaka juu ya genge. Kwa kuwa kisiwa hiki ki mbali na nchi zote, zamani kilifanywa mahali pa kuwafungia wakuu walioshindwa. Napoleon wa Ufaransa alifia huko mwaka 1821. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alikaa huko miaka ipatayo saba. Na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshika kiti cha Unguja kwa siku chache mwaka 1896, alipelekwa huko baada ya kukamatwa katika Vita Kuu ya kwanza. Mwisho aliruhusiwa kurudi, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Kisiwa hicho kilikuwa na mfungwa mmoja zaidi, nayo ni motokaa aina ya Land Rover.

Motokaa hiyo, yenye rangi ya buluu iliyokoza, iliitwa Oxford. Tarehe 1 Septemba 1955 iliondoka London pamoja na mwenziwe, Cambridge, ikiwachukua vijana sita wa vyuo vikuu hivyo viwili. Walipita Uturuki, Irani, Uhindi na Burma, na tarehe 6 Machi 1956 wakafika Singapore. Baadaye Cambridge ilianguka gengeni katika nchi ya Irani ikapotea. Oxford ilipelekwa kisiwa cha Ascension na wataalamu waliochunguza ndege wa baharini, kisha ikavushwa hadi St Helena. Huko ilichakaa, ikawekwa kando miaka mingi.

Upepo wa bahari huchukua chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Bodi za Land Rover za kale zilitengenezwa kwa aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya pili; kwa hiyo bodi hustahimili. Lakini fremu ya chini ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kutoka ndani. La kuvunda halina ubani: palipooza hapafichwi kwa rangi, hukatwa na kutiwa chuma kizima.

Mwaka 2017 Mwingereza mmoja apendaye magari ya kale aliirudisha Oxford kwao, ikatengenezwa upya.

Kuizindua motokaa iliyolala kwataka saburi. Fundi mwenye haraka hutia betri mpya na kupiga stata. Pete za pistoni zilizoshikamana na silinda kwa kutu huvunjika, na hasara huzidi. Fundi mwenye busara hufungua plagi kwanza, akatia mafuta kidogo katika kila silinda, akayaacha yapenye siku kadhaa, ndipo aizungushe injini kwa mkono, polepole. Petroli ya zamani, ambayo huacha ukoko kama gundi, humwagwa. Tangi na kabureta huoshwa. Oili na maji hubadilishwa. Breki hutazamwa kabla gari halijasogea hata hatua moja, maana injini isipowaka hapana anayeumia, bali breki zisiposhika watu huangamia.

Tarehe 25 Agosti 2019 Oxford iliondoka Singapore kwenda London kwa njia ya nchi kavu. Tim Slessor, mmoja wa wale vijana sita, alikuwa amefika umri wa miaka 87, naye alikusudia kusafiri nayo tena. Akaugua kabla ya safari kuanza, na mjukuu wake, Nat George, akashika nafasi yake. Baada ya siku 111, tarehe 14 Desemba, motokaa iliingia London, na mzee Slessor alikuwapo kuipokea.

Wako wakulima wengi ambao trekta au motokaa zao zimeegeshwa chini ya mti, kuku wakitaga ndani yake. Kabla ya kuiuza kwa kilo kama vyuma vikuukuu, yafaa mwenyewe aigonge fremu kwa nyundo asikie kama ni nzima, na aijaribu injini kwa mkono. Ikizunguka, basi usingizi wake haujawa kifo.